Msituletee Vitabu Tena, Tuleteeni Mkutubi

Naanza na ombi litakalowaudhi watu wema. Ninyi mnaokusanya vitabu Dar es Salaam, Arusha na Mwanza kwa ajili ya shule za vijijini, mnaochapisha fulana za kampeni na kupiga picha na watoto walioshika vitabu kifuani, mwaka huu msituletee vitabu. Hela ya mafuta ya gari, ya fulana, ya mabango na ya chakula cha mgeni rasmi ichangeni pamoja, mtuletee mkutubi mmoja aliyeisomea kazi yake. Mlipeni mshahara wa mwaka mmoja. Mwaka unaofuata atawaambia mwenyewe vitabu gani vinatakiwa, vingapi, na vya nani.

Najua ombi hili linavyosikika. Mgeni kaja na zawadi, mwenyeji anamwambia arudi nayo. Kwetu mtoto akifanya hivyo anachapwa. Lakini zawadi hii imeshatolewa mara nyingi, na tumeshaona inakoishia. Inaishia kwenye chumba chenye kufuli, na ufunguo wa kufuli uko mfukoni mwa mwalimu ambaye leo ana vipindi sita, zamu, na kikao cha mitihani.

Kwa wasioijua, Ushetu ni halmashauri ya mkoa wa Shinyanga iliyomegwa kutoka Kahama mwaka 2012, makao yake makuu yakiwa Nyamilangano. Watu wakisikia Shinyanga na Geita wanawaza dhahabu tu. Sisi tunalima tumbaku kwanza, halafu pamba, mahindi na mpunga. Dhahabu inatuchukulia vijana: msimu wa tumbaku ukienda vibaya, kijana anapanda bodaboda kufuata maduara ya Msalala au Geita. Maktaba ya Mkoa iko Shinyanga mjini, na kutoka Kahama peke yake hadi huko ni zaidi ya kilometa 100. Mtu wa Ulowa au Bulungwa anaanza kuhesabu nauli kabla hajafika hata Kahama. Kwa hiyo maktaba anayoijua mtoto wa huku, kama anaijua, ni kile chumba cha shule.

Nilisoma kwenye shule yenye chumba cha namna hiyo. Juu ya mlango paliandikwa MAKTABA kwa rangi ya bluu. Ndani kulikuwa na vitabu vya Biolojia vya mtaala wa nchi nyingine, juzuu za ensaiklopedia zilizokosa wenzao, mwongozo wa kulipa kodi huko Marekani, na riwaya nzuri kabisa za Kiswahili zilizokuwa bado kwenye nailoni. Tuliingia humo tukipewa adhabu ya kufuta vumbi. Kwa miaka minne sikumwona mtu akiazima. Mwalimu aliyekabidhiwa ufunguo alikuwa wa Jiografia, mtu mwema na mchapakazi, na hofu yake ilikuwa ya haki: kitabu kikipotea, deni linaandikwa jina lake. Njia rahisi ya kuhakikisha kitabu hakipotei ni kutompa mtu. Ukimkabidhi mtu mali bila kumfundisha kazi, umemfanya mlinzi, na mlinzi tunampima kwa vitu ambavyo havijatoka getini.

Serikali nayo imewahi kufanya jambo hilohilo kwa kiwango kikubwa. Mnaikumbuka chenji ya rada. Kampuni ya BAE Systems ya Uingereza ilikubali mwaka 2012 kuilipa Tanzania pauni milioni 29.5 kutokana na sakata la kuuziwa rada, na fedha hizo zikaelekezwa kwenye elimu ya msingi, kwa vitabu na madawati. Ulikuwa uamuzi mzuri kuliko mingi tuliyoizoea. Tulibishana sana wakati ule, kuhusu nani alikula nini kwenye rada, kuhusu wachapishaji, kuhusu watoto wangapi wagawane kitabu kimoja. Swali la nani atavipokea vitabu vile shuleni, atavipanga vipi, atavitoa vipi na kuvirudisha vipi, halikupata nafasi magazetini wala vijiweni. Tulidhani kitabu kikishafika kimefika.

Ukutubi ni fani yenye shule yake. Kabla nchi hizi hazijawa na vyuo vingi, wakutubi wa Afrika Mashariki walisomea Makerere, ambako shule yao ilianza mwaka 1963. Hapa kwetu, Bodi ya Huduma za Maktaba ilianzisha chuo cha ukutubi na uhifadhi wa nyaraka Bagamoyo mwaka 1989, kile ambacho wengi wanakijua kwa kifupi chake cha SLADS, na kinatoa astashahada na stashahada. Vyuo vikuu kadhaa nchini vinatoa shahada. Lakini muulize kijana wa kidato cha sita anayejaza fomu za chuo, atakwambia hiyo ni kozi ya waliokosa kozi. Picha tuliyonayo ni ya mtu aliyekaa nyuma ya meza, anagonga muhuri, ananyamazisha watu. Kwa picha hiyo, kweli hakuna sababu ya kusoma miaka miwili wala mitatu. Ngoja basi tuangalie anachojifunza, na tukiangalie kwa macho ya mtu wa Ushetu.

Chukua uainishaji, somo linalochekwa kuliko yote kwa sababu ya namba zake. Maktaba nyingi hutumia mfumo aliouchapisha Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876. Kwa mfumo huo tumbaku haina sehemu moja. Kilimo chake kiko 633.71, pamoja na mazao mengine ya biashara. Madhara yake mwilini yako 613.85, upande wa afya. Soko na bei yake viko huko kwenye 300 pamoja na uchumi, na sheria ya vyama vya ushirika vinavyoinunua iko kwenye 340 na kuendelea. Mkulima mmoja, zao moja, rafu nne. Mwalimu wa Jiografia anaweza kuvipanga vitabu kwa urefu na rafu zikapendeza machoni. Mkutubi anavipanga ili mtu aliyefuata kitabu cha kilimo aambiwe kuwa kuna kingine, upande wa pili wa chumba, kinachohusu kifua cha mwanaye.

Mkutubi huyohuyo anafundishwa pia kuwa mfumo una kasoro. Dewey alizigawia dini zote za dunia namba za 200, Ukristo ukachukua karibu nafasi yote, Uislamu ukapewa 297, na dini za asili za Waafrika zikabanwa kwenye kipande cha 299. Aliyesomea fani anajua hivyo, na anajua namna ya kuifanya maktaba ya watu wake isiwaambie kila siku kwamba wao ni desimali. Ambaye hakusomea, ama atafuata namba kama amri ya Mungu, ama ataziacha kabisa.

Sasa chukua kipaji cha kuuliza, ambacho kwa maoni yangu ndicho kiini cha kazi yote. Watu hawaji maktaba na swali lao halisi. Wanakuja na swali wanalodhani ni la heshima kuuliza. Fikiria mkulima anaingia, anavua kofia, anasema, "Shikamoo mwalimu, eti mna kitabu cha tumbaku?" Mlinzi atamjibu kipo au hakipo. Mkutubi atamwekea kiti. "Marahaba baba, karibu. Ni ya kulima, ya kukausha, au kuna jambo la kwenye soko?" Polepole yatatoka. Amekopeshwa pembejeo kupitia chama cha msingi, tumbaku imeshateuliwa na kuuzwa, na makato yaliyokuja ni makubwa kuliko alivyoandikiwa kwenye karatasi ya mkopo. Anataka kujua kama ana haki ya kuona hesabu. Kumbe hakuhitaji kitabu cha tumbaku hata kidogo. Alihitaji Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, alihitaji mtu wa kumwonyesha inasema nini kuhusu hesabu na ukaguzi, na alihitaji kujua kuwa kuna Mrajis wa Vyama vya Ushirika na kuna COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama hivyo. Wakutubi wana jina la ufundi huu, wanaufanyia mazoezi, na wanatahiniwa. Ni ufundi uleule wa daktari anayejua kuwa aliyekuja na malalamiko ya mgongo amekuja kwa jambo jingine.

Na mkutubi huyo anajua mpaka wake. Hatampigia mkulima kampeni ya kumng'oa mwenyekiti wa chama, wala hatajifanya wakili. Atampa kilichoandikwa, atamwonyesha kifungu, atamwambia ofisi ipi inahusika. Anamhudumia mwenyekiti naye akija na swali lake. Maadili hayo nayo yanafundishwa darasani, na kwenye kata ambako kila mtu ni ndugu wa mtu, yana thamani kubwa.

Kuna mambo mazito kuliko makato. Anayevuna majani mabichi ya tumbaku yakiwa na umande au mvua hupitisha nikotini kwenye ngozi. Anapata kizunguzungu, anatapika, kichwa kinamuuma, nguvu zinamwisha. Ugonjwa huo umeandikwa kwenye majarida ya tiba tangu miaka ya 1970, na kinga yake haihitaji bajeti ya wizara: glovu, mikono mirefu, kubadili nguo zilizolowa, kusubiri umande ukauke. Huku kwetu mtoto akitapika msimu wa kuvuna, mama anawaza malaria. Vipimo vikikosa malaria, anawaza sumu. Baada ya sumu, anamuwaza jirani. Mkoa huu unajua vizuri mawazo ya namna hiyo yanafika wapi. Tumeua bibi zetu kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyowekundishwa na moshi wa kupikia kwa kinyesi cha ng'ombe miaka hamsini. Maelezo ya ule moshi yalikuwepo kwenye vitabu wakati mapanga yananolewa. Sisemi mkutubi angesimama mbele ya panga. Nasema jamii ambayo haina mtu wa kumuuliza "hivi hii husababishwa na nini?" itamuuliza mganga, kwa sababu mganga yupo, anafungua mlango, na anasikiliza mpaka mwisho.

Nenda upande wa dhahabu. Mchimbaji mdogo akishasaga mawe kwenye karasha, huchanganya unga na zebaki ili inase dhahabu, halafu huichoma zebaki ipae. Mvuke wake unaingia kwenye mapafu na kuharibu mishipa ya fahamu, na watoto na mimba ndio huumia zaidi. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti nzima kuhusu watoto na zebaki kwenye machimbo madogo ya Tanzania, yakiwemo ya mikoa ya Shinyanga na Geita. Mwaka huohuo dunia ilikubaliana Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Kipo kifaa cha kunasa mvuke, kinaitwa retoti, na maelezo ya kukitumia yamechapishwa. Yaani sayansi ipo, mkataba upo, ripoti inayowataja watu wa kwetu ipo. Kinachokosekana kwenye mwalo ni mtu ambaye kazi yake ni kuitafuta karatasi hiyo, kuhakikisha inaaminika, kuipata kwa Kiswahili au kuieleza kwa Kiswahili, na kuipeleka saa kumi jioni wachimbaji wanapopumzika. Tunamwita afisa huyo majina mengi kwenye miradi ya wafadhili. Jina lake la zamani ni mkutubi.

Mtaniambia mkutubi hukaa ndani. Waulizeni Wakenya. Mwaka 1996 huduma ya maktaba ya taifa lao iliwafungia ngamia masanduku ya vitabu Garissa na kuwafuata wafugaji wanaohama. Ngamia ndio waliopata sifa duniani, maana wanapendeza kwenye picha. Lakini ngamia hajui familia ipi imehamia wapi, vitabu gani vilirudi vimechakaa kwa sababu vimependwa na vipi vilirudi vipya kwa sababu havikuguswa. Hayo yaliandikwa na kupangwa na watu waliofundishwa.

Kuna somo jingine ambalo wafadhili wa vitabu hawalipendi. Mkutubi anafundishwa kutoa vitabu. Anapalilia rafu kama mnavyopalilia mahindi: kilichopitwa na wakati, kilichofutwa na mtaala, kinachodanganya kuhusu dawa, anakitoa, na ana utaratibu wa kukitoa. Huyu ndiye angeuondoa mwongozo wa kodi za Marekani kule shuleni kwetu bila kuogopa mkaguzi wala kumwogopa mfadhili. Mwalimu mwenye ufunguo hawezi, kwa sababu kila kitabu kimo kwenye leja ya mali na yeye hana mamlaka ya kusema hiki ni takataka. Kwa hiyo takataka inakaa, inaongezeka, na mtoto anayeingia mara ya kwanza anachomoa kitabu kimoja, anakuta hakimhusu, anachomoa cha pili, hakimhusu, anatoka akiamini kuwa kusoma si kwa ajili yake. Kisha tunaandika makala kwamba Watanzania hawapendi kusoma.

Sentensi hiyo, "Watanzania hawapendi kusoma," naichukia, na kwa mtu wa Kanda ya Ziwa ni tusi kwa historia. Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Mwaka uliofuata, mradi wa majaribio wa elimu ya watu wazima uliosaidiwa na UNESCO ulianza huku kwetu, katika mikoa ya Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi, ambayo leo ni Kagera. Bibi na babu zetu walijifunza herufi kupitia pamba, samaki, ng'ombe na malezi ya nyumbani, mambo ya mikononi mwao. Yaliyojifunzwa hapa yakaenda nchi nzima. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia 1986 serikali ilikuwa inatangaza kuwa wamebaki chini ya asilimia 10. Maktaba za vijijini zilifunguliwa kwenye kata, na Mwanza likachapwa gazeti la vijijini lililoitwa Elimu Haina Mwisho ili waliojua herufi wapate cha kusoma.

Halafu? Uchumi ulianguka miaka ya 1980, na hilo halikuwa kosa la mtu wa maktaba. Lakini angalia kilivyoanguka. Zile maktaba nyingi zilikuwa mikononi mwa walimu na watu wa kujitolea waliopewa mafunzo mafupi na posho ndogo. Hazikuwa na wafanyakazi wa kudumu wenye fani, cheo na njia ya kupanda. Posho ilipokatika, mtunzaji alirudi shambani, na alikuwa na haki. Vitabu vikabaki na panya. Sensa ya 2012 ikakuta zaidi ya mtu mzima mmoja kati ya watano hajui kusoma na kuandika. Zahanati nazo zilikosa dawa miaka ile, lakini hazikufa zote, kwa sababu mle ndani kulikuwa na mtu aliyesomea, aliyeandikwa kwenye ikama, ambaye serikali ilimdai kazi na yeye akaidai mshahara. Maktaba ya kijiji haikuwa na wa kudai.

Hapa ndipo wasomaji wa rika langu hunikatiza. Maktaba ya nini, simu ninayo mkononi. Ni kweli, na simu zimefika Ushetu kabla ya lami. Basi chukua simu hiyo, kaa chini ya mwembe Nyamilangano, andika kwa Kiswahili swali kuhusu dawa ya kifua, au mkopo, au namna ya kupata leseni ndogo ya uchimbaji. Utapata mganga anayetibu kila kitu kuanzia kisukari hadi kufukuzwa kazi, utapata mkopo wa kausha damu, utapata dalali, na mahali fulani chini kabisa utapata waraka wa serikali wenye kurasa tisini, kwa Kiingereza. Akili mnemba nayo itakujibu kwa Kiswahili fasaha, bila kusita, hata pale inapobuni. Wewe uliyesoma chuo unajua kushuku, unajua kuangalia nani kaandika na lini, unajua kulinganisha. Nani alikufundisha? Kwa wengi wetu ni mkutubi wa chuo, kwenye ile semina ya wiki ya kwanza tuliyoihudhuria tukisinzia. Ufundi ule ndio ninaotaka uletwe kwa mama anayetapikiwa na mtoto. Kadiri taarifa zinavyozidi kuwa nyingi na nafuu, ndivyo mchambuaji wake anavyohitajika, kama ambavyo wingi wa dawa za bandia dukani haujamfanya mfamasia asihitajike.

Wengine wanasema fedha hakuna. Halmashauri zetu zina afisa kilimo, afisa mifugo na afisa maendeleo ya jamii wanaoshuka hadi kwenye kata, na hakuna anayesema kazi ya afisa mifugo apewe mwalimu wa Historia kwa sababu anafuga. Hakuna anayesema dawa za zahanati zitunzwe na mwalimu wa Kemia kwa sababu anajua majina yake. Kila kilo ya tumbaku inayotoka Ushetu inaacha ushuru. Migodi ya ukanda huu ina wajibu wa kisheria wa kuchangia jamii zinazoizunguka, na mara nyingi mchango huo unakuwa jengo, kwa sababu jengo lina utepe wa kukata. Mshahara wa mkutubi hauna utepe. Diwani hawezi kupiga picha na mshahara. Naamini hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko uhaba wa fedha.

Wakutubi wenyewe siwaachi. Baadhi yenu mmeikubali picha ya mlinzi na kuikalia. Maktaba nyingi za mjini zimegeuka kumbi za wanafunzi kujisomea madaftari yao wenyewe, na nyinyi mmeridhika kwa kuwa viti vimejaa. Mkulima akiingia na gamboti mnamwangalia miguu. Mnalalamika kuwa fani haiheshimiwi, lakini mkiambiwa mkaripoti halmashauri ya mbali mnatafuta uhamisho kabla ya kufungua begi. Na walimu wenu niwaombe jambo moja: mafunzo kwa vitendo yasiishie kwenye maktaba zenye kiyoyozi. Mpelekeni mwanafunzi akae wiki nane kwenye kata inayolima tumbaku au kwenye mwalo. Aandike maswali yote atakayoulizwa, na arudi chuoni atahiniwe kwa hayo. Atarudi akijua kuwa makusanyo ya maktaba huanza na maswali ya watu, na vitabu hufuata.

Sheria haina kikwazo. Bodi ya Huduma za Maktaba ipo tangu 1963, na sheria inayoiongoza, ya mwaka 1975, iliipa jukumu la nchi nzima bila kuishia kwenye makao makuu ya mikoa. Mwaka 2016 tukatunga Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa. Haki hiyo ina maana gani kwa mtu asiyejua taarifa ipo wapi, inaitwaje, na inaombwa kwa karatasi gani?

Kwa hiyo ninachodai ni kidogo, na kinahesabika. Halmashauri ya Ushetu iajiri mkutubi mmoja mwenye stashahada, akae Nyamilangano, ahesabiwe kwenye ikama kama afisa mwingine yeyote. Apewe pikipiki na ratiba ya kuzunguka kata, siku za mnada na siku za soko la tumbaku. Walimu wenye funguo za vyumba vya maktaba wapunguziwe vipindi na wapewe mafunzo naye, na kitabu kinachopotea kwa kuazimwa kihesabiwe kuwa gharama ya kazi badala ya deni la mwalimu. Migodi na kampuni za tumbaku zikitaka kuchangia, zichangie mshahara kwanza, kwa miaka mitano, kupitia halmashauri. Nanyi marafiki zetu wa fulana na maboksi, mkishindwa kabisa kujizuia, msilete kitabu hata kimoja bila orodha iliyoandikwa na mkutubi huyo.

Atakapofika, pengine ni binti wa miaka ishirini na minne aliyesoma Bagamoyo, hatajua Kisukuma, na watu watamtazama wakiwaza amekuja kunyamazisha watoto. Kitu cha kwanza atakachoomba ni ufunguo. Mpeni, na mwalimu wa Jiografia aende akafundishe.